Naomba Maziwa

Fomu ya shule ilikuwa na mistari kumi na minne, nami nikajaza kumi na mitatu bila shida. Jina, namba ya pasipoti, dini, vyeti, magonjwa ya kudumu. Hapo kwenye magonjwa niliandika hakuna, ingawa tumbo lilikuwa likinikata tangu siku niliyoshuka basi Garissa. Mstari wa mwisho ulisema: mtu wako wa karibu aliyepo hapa mjini, wa kuarifiwa likitokea jambo. Chini yake palikuwa na nafasi tatu za kujaza, jina, simu na uhusiano.

Nikamwandika dada yangu wa Tanga. Karani wa shule, msichana wa Kisomali mwenye miwani mikubwa na Kiswahili cha shule, akaisoma fomu kisha akapitisha kalamu yake juu ya jina la dada yangu.

"Mwalimu, huyu yuko Tanga."

"Ndiye mtu wangu wa karibu."

"Karibu wapi? Hiyo ni nchi nyingine. Ukianguka darasani leo, yeye atafanya nini? Atalia tu. Mimi nataka mtu anayeweza kufika hapa na bajaji."

Nikamwambia sina. Hakunielewa. Akaniuliza tena, taratibu, kana kwamba Kiswahili ndicho kilichonishinda. Una mwezi mzima hapa na huna mtu? Nikasema ndiyo, sina mtu. Akanirudishia fomu, akanipa mpaka mwisho wa mwezi, maana faili langu la kibali cha kazi lilikuwa linakwenda Nairobi na haliwezi kwenda na nafasi tupu.

Nilitoka ofisini fomu nimeikunja mkononi. Mtu mzima, miaka kumi na mbili katika ualimu, natishwa na mstari wa fomu!

Niseme wazi kwamba nilitoka Tanga kwa hasira. Ndoa yangu ilikuwa imekufa, na kila nikipita mtaani kwetu naona watu wananipa pole kwa macho. Nikasikia shule moja ya binafsi Garissa inatafuta mwalimu wa Kiswahili, nikaomba, nikapata. Nilijiambia, mie mzaliwa wa Tanga, Kiswahili nimekinyonya, dini nimesomeshwa, ninakwenda mji wa Waislamu katika nchi ya Kiswahili. Nitashindwaje kupata watu? Dada yangu akaniuliza, "Wewe na Garissa wapi na wapi?" Akasema nitarudi kabla muhula haujaisha. "Mtu hakai mahali pasipo na mtu," akasema. Nikamkatia simu. Ndivyo nilivyo, nakata simu kwanza, najuta baadaye.

Kumbe Kiswahili changu ndicho kilichokuwa kikwazo. Walimu wenzangu wengi walikuwa wa bara, kutoka Machakos na Kisii na kwingineko. Ofisini walizungumza Kiingereza, na wakichoka Kiingereza wanarudi lugha za kwao. Hawakuwa watu wabaya hata kidogo. Mwalimu wa hesabu, Mkamba mmoja mcheshi, alikuwa akinisikia nikisema "samahani, naomba kupita" anasimama wima na kujifanya anasikiliza redio. "Tulieni, taarifa ya habari!" Wote wanacheka, nami nacheka, halafu nakaa kimya mpaka kengele. Jumapili walikwenda kanisani pamoja na kupika pamoja. Mie Jumapili nakwenda wapi?

Majirani zangu walikuwa Wasomali. Nikiwapa salamu ya dini wanaitikia vizuri kabisa, kisha mazungumzo yanaendelea kwa Kisomali bila mimi. Nilipika mkate wa kumimina, ule wa unga wa mchele na nazi, nazi yenyewe nimeisaka soko zima, nikampelekea jirani wa mlango wa pili. Kesho yake sahani ikarudi imeoshwa, inang'aa, tupu. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, hata ukose kitu utaweka ndimu mbili. Niliigeuzageuza ile sahani kama natafuta barua. Mpaka leo sijui alimaanisha nini, na huenda hakumaanisha kitu.

Wikiendi moja sikusema neno na mtu tangu Ijumaa alasiri hadi Jumatatu asubuhi. Jumatatu nilipowaamkia watoto darasani sauti ilitoka imekauka, nikakohoa, wakacheka. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nilianza kuogopa vitu vya kipuuzi. Nikila, natafuna sana, nisije nikapaliwa peke yangu. Nikioga, siufungi mlango wa bafu kwa komeo, kwa maana nikiteleza nani atauvunja? Na baada ya ile fomu, hofu zote zikapata jina. Nafasi tupu.

Ndipo nikaenda kununua maziwa.

Nyuma ya soko kulikuwa na safu ya akina mama wauza maziwa ya ngamia, kila mmoja na madumu yake ya plastiki, kikombe cha kupimia na faneli. Maziwa yale hutoka porini kwa gari, na madumu hufukizwa moshi wa kuni kabla ya kutiwa maziwa, kwa hiyo yana harufu ya jiko la kuni. Nilikwenda na chupa yangu. Siku hiyo ukanda wa ndara yangu ulikuwa umekatika, nimeufunga kwa kamba, na buibui langu lilikuwa lile la kushindia lililopauka. Nilimchagua mama mmoja wa makamo, mwenye hina vidoleni na saa ya kiume mkononi, kwa sababu moja tu, alikuwa ameinua macho.

"Asalaam alaikum, mama. Shikamoo. Samahani, naomba maziwa, nusu lita."

Akaniangalia kutoka ushungi hadi ile kamba ya ndara. Akachukua chupa, akaijaza mpaka maziwa yakamwagika pembeni. Nikatoa hela. Akausukuma mkono wangu.

"Wacha. Enda."

Nilikwenda, wallahi, nikiwa na furaha ya kitoto. Nikasema, haya ndiyo niliyokuwa nayatarajia, ukarimu wa Waislamu kwa mgeni.

Kesho yake nikarudi. "Shikamoo mama, naomba maziwa." Chupa ikajaa, mkono ukasukumwa. Siku ya tatu nikang'ang'ana na hela yangu, nikamwambia mama hapana, pokea. Akakunja uso, akawaambia wenzake jambo kwa Kisomali. Mmoja wao, mama mnene aliyekalia dumu la jirani, akatikisa kichwa na kusema, "Miskiin." Hilo nililielewa. Kwetu mtu akikuhurumia kwa mapenzi ndivyo anavyosema, maskini, mtoto wa watu, yuko mbali na kwao. Moyo ukanilainika. Nikaomba kukaa. Akanisogezea dumu tupu, nikalikalia.

Kiswahili chake kilikuwa kichache na cha namna yake. Ulimi wa Kisomali hauna p wala v, kwa hiyo pole ilikuwa bole na viazi ni fiazi. Lakini aliuliza maswali, na mie kwa mwezi mzima hakuna aliyeniuliza swali isipokuwa karani.

"Wewe natoka wabi?"

"Tanga, mama. Tanzania."

"Aa. Tansania." Akatikisa kichwa polepole kama nimemtajia msiba.

"Bwana iko?"

"Hayupo. Tuliachana."

"Watoto?"

"Mungu hakujaalia."

"Baba? Mama?"

"Wametangulia."

Kila jibu langu lilimfanya aguse chupa yangu aone kama bado imejaa. Mwishowe akauliza, "Sasa hapa nafanya nini?"

Kwetu Tanga mtu hajigambi na kazi yake. Hata awe daktari wa mkoa, ukimuuliza atasema anahangaika tu. Nikamjibu kama nilivyofunzwa.

"Natafuta riziki tu, mama."

"Mungu saidia," akasema, na akanipa andazi.

Nikampigia dada yangu simu siku hiyohiyo. "Nimepata mtu."

"Mtu gani?"

"Rafiki. Mama mmoja muuza maziwa. Hataki hata hela yangu."

"Anataka nini basi?"

"Hataki kitu! Si kila mtu ni wewe," nikamwambia, nikamkatia.

Wiki mbili nilikwenda kila siku baada ya vipindi. Usidhani nilikuwa na amani. Mwenye kitu kimoja hulala na hofu moja. Nilikuwa naogopa kukaa sana nikamchosha, halafu naogopa kuondoka mapema akadhani najidai. Nikimkuta anazungumza na mteja, najificha kwenye duka la vitambaa mpaka amalize. Kila mtu pale, mkubwa kwa mdogo, alikuwa akimwita Eedo. Nami nikaanza kumwita Bi Eedo, akawa anacheka, na mie nikafurahi kwamba nimemchekesha. Siku moja hakuinua macho nilipofika, nikakosa usingizi wa mchana nikijiuliza nimemuudhi kwa lipi. Kumbe alikuwa anaumwa jino.

Namba yake ya simu hakunipa, na sikuthubutu kuiomba. Lakini ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye madumu yake yote, ili gari likiyarudisha yasipotee. Nikaisoma kwenye dumu nililokuwa nimelikalia, nikaikariri njia nzima kwa kunong'ona kama mtu anayejifunza dua.

Alhamisi ya mwisho wa mwezi nikajaza ule mstari. Jina: Bi Eedo. Simu: ile ya madumu. Uhusiano: rafiki. Neno rafiki niliandika kwanza kwa penseli, nikaliangalia, kisha nikapitisha wino juu yake. Nikampa karani fomu huku uso wangu umejaa fahari. Loo, laiti ningalijua.

Karani aliisoma, akabana midomo. Akaniuliza, "Mwalimu, huyu ni Eedo nani?"

"Bi Eedo. Muuza maziwa wa nyuma ya soko."

"Eedo si jina," akasema, na miwani yake ikaanza kutikisika kwa kicheko alichokuwa anakizuia. "Eedo ni shangazi. Kila mama mkubwa ni eedo. Umeandika jina lake ni Bi Shangazi."

Walimu wawili waliokuwa wanasubiri chaki wakacheka, yule wa hesabu akiwa mmoja wao. Nikacheka nao, kosa dogo tu, mgeni ni kipofu ingawa ana macho. Karani akasema si neno, atapiga simu aulize jina kamili, na hata hivyo kila namba lazima ithibitishwe. Akapiga, akaweka sauti ya nje ili mikono yake iendelee kupanga makaratasi.

Sauti ya Bi Eedo ikajaa ofisini. Karani akaeleza kwa Kisomali, nikasikia neno shule, nikasikia Tanzania. Kisha Bi Eedo akasema maneno marefu, na ndani yake, mara mbili, lile neno. Miskiin.

Karani akazima sauti ya nje haraka. Alikuwa hacheki tena. "Anasema..." Akanitazama, akatazama meza. "Anasema Mtanzania anayemjua ni mmoja tu, yule miskiin anayekuja kuomba maziwa. Anauliza kama amefanya kosa shuleni."

Mwanzoni sikuelewa, nikasema ndiyo, ni mimi, mbona? Mwalimu wa hesabu ndiye aliyenifungua macho, na kwa upole zaidi kuliko nilivyotegemea.

"Mwalimu, ukifika pale unasema aje?"

"Nasema naomba maziwa."

"Naomba." Akajikuna shingo. "Huku, naomba ni ya wale wa barabarani. Wanaokaa na kikombe. Mtu ananunua anasema nipe, ama niuzie. Na wewe ukisema umetoka Tanzania, si unajua vile watu husema kuhusu ombaomba wa Nairobi, ati wametoka kwenu..."

Hakumaliza, na hakuhitaji. Chupa iliyojaa mpaka kumwagika. Mkono uliosukumwa. Ndara ya kamba, andazi, Mungu saidia. Wiki mbili nilikuwa nakaa juu ya dumu nikijiona nina rafiki, kumbe nimeketi mahali pa kupokelea sadaka! Na wale akina mama wote wanajua. Na wazazi wa wanafunzi wangu, wanaonunua maziwa palepale, je, wameniona? Mwalimu wa watoto wao akipokea sadaka na mshahara anao! Nilihisi hata dini yangu imenisuta, nimekunywa haki ya maskini wa kweli.

"Futa," nikamwambia karani. "Futa jina hilo."

"Niandike nani?"

Nilitoka, nikaenda nyumbani, nikalia mpaka nikakasirika, halafu nikakasirika mpaka nikalia. Nilimkasirikia Bi Eedo, nikamkasirikia mwalimu wa hesabu, nikamkasirikia hata mama yangu marehemu aliyenichapa utotoni mpaka neno nipe likafutika kinywani mwangu. Mtoto mwenye adabu huomba! Heshima si utumwa, alikuwa akituambia. Haya, mama, njoo uone heshima yako imenifikisha wapi.

Siku tisa sikupita nyuma ya soko. Nilizunguka njia ya mbali juani. Nyumbani nilikunywa chai ya rangi, na kila nikinywa nakumbuka ule moshi wa maziwa. Nikatia thamani ya yale maziwa kwenye sanduku la msikiti, nikitazama huku na huku kama mwizi. Karani alinikumbusha fomu mara mbili. Mara ya pili akasema faili litaondoka kesho na gari la asubuhi, na likikosa hilo, kibali kitachelewa na mkuu wa shule hatanisubiri. Nikamwambia basi liache. Nilikuwa nimeshatoa begi chini ya kitanda. Dada nilikuwa sijampigia, maana nilijua atakachosema, na alichosema tangu mwanzo kilikuwa kweli. Mtu hakai mahali pasipo na mtu.

Siku hiyohiyo, saa nne asubuhi, nikiwa darasani na ngeli za nomino ubaoni, askari wa getini akaja kuniambia kuna mama ananitaka na hataki kungoja.

Alikuwa amesimama kivulini mwa ukuta, dumu moja mkononi, saa yake ya kiume ikimeta. Aliponiona akaanza kusema kabla sijafika.

"Naa! Wewe! Siku tisa! Mimi nafikiri wewe nakufa!"

Nikasimama mbali kidogo. "Asalaam alaikum, Bi... mama."

"Alaikum salaam. Siku tisa! Shule nabiga simu, nasema mimi ni mtu yako. Mtu yako! Kitu ikifanya wewe, mimi naitwa. Haye. Mimi nangoja. Leo hakuna, kesho hakuna. Kama mimi ni mtu yako, wewe nakuja nasema iko mgonjwa, nasema iko mzima. Wewe nabotea kama mbuzi!"

Alikuwa na hasira ya kweli. Mshipa wa shingo umemsimama. Mie niliyekuwa nimejiandaa kwa aibu, sikuwa nimejiandaa kugombezwa.

"Mama, mie si ombaomba," nikasema, na machozi yakanitoka mbele ya askari. "Mie ni mwalimu. Nina mshahara."

"Sasa najua. Karani nasema."

"Kwa nini ulinipa bure?"

"Wewe nasema naomba! Kila siku, naomba, naomba. Mtu akiomba anabewa."

"Mbona hukuniuliza?"

Akanitazama kana kwamba mie ndiye nisiyejua adabu. "Mtu haulizwi kwa nini anaomba. Aibu."

Akaweka dumu chini, hasira ikapungua kidogo, udadisi ukashika nafasi yake.

"Kwenu, mtu nataka maziwa nasema nini?"

"Anasema naomba maziwa."

"Hata besa iko mkononi?"

"Hata pesa ipo mkononi."

"Tajiri?"

"Hata tajiri, mama. Hata waziri."

"Subhanallah." Akashika kifua. "Nchi nzima naomba?"

"Nchi nzima."

Akacheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, akafuta macho kwa ncha ya mtandio, na mie, na machozi yangu, nikajikuta nacheka naye. Askari wa getini akacheka bila kujua kwa nini. Karani alitusikia akaja, fomu na muhuri mkononi, maana hakuwa amelifunga faili. Akasimama karibu yangu, akauliza taratibu kama aandike au asiandike.

Nikamtazama Bi Eedo. Kuomba nilikuwa nimekatazwa, na nipe haiandikwi kwenye fomu.

Bi Eedo akauliza kwa Kisomali karatasi ile inasema nini. Karani akamsomea, akifasiri. Jina akalitaja mwenyewe, jina zuri refu la watu watatu, yeye, baba na babu. Nililisikia siku ile kwa mara ya kwanza na sijawahi kulitumia. Simu akaithibitisha. Walipofika kwenye uhusiano, akauliza neno lililoandikwa pale. Karani akasema, rafiki.

"Rafiki?" Bi Eedo akakunja uso. "Rafiki ni ya soko. Huyu naita mimi eedo. Andika eedo."

Karani akalikata neno langu, akaandika shangazi. Akagonga muhuri palepale, juu ya goti.

Nikafungua mdomo nimshukuru Bi Eedo, kwa ile Tanga yote iliyo ndani yangu, ahsante sana mama yangu, Mungu akulipe, akuzidishie. Hakuniacha nimalize. Alikuwa ameshika pindo la kanga niliyojifunga mabegani, anayafuata maandishi yake kwa kidole.

"Hii naandika nini?"

"Mtasema mchana, usiku mtalala."

Akaitaka maana, nikamweleza, ni kuwaambia wenye domo kwamba watasema mpaka wachoke. Macho yake yakang'aa. Akamkumbuka, nadhani, yule mama mnene wa dumu la jirani.

"Nibe," akasema.

"Eti?"

"Nibe hii."

Ilikuwa kanga yangu nzuri, mpya, mojawapo ya mbili nilizotoka nazo kwetu. Nikaivua nikampa. Akajitupia begani, akabeba dumu lake, akaondoka. Ahsante hakusema, wala hakugeuka.

Kesho yake nikaenda nyuma ya soko na chupa yangu. Kanga yangu ilikuwa begani mwake, maandishi yameelekezwa kwa jirani. Nikasimama.

"Nipe maziwa," nikasema, kwa sauti ya kunong'ona.

Akaweka kiganja sikioni. "Sema."

"Nipe maziwa!"

Mama yangu angekuwa hai angenizaba kofi. Bi Eedo akatia faneli, akamimina, akasimamisha dumu kabla maziwa hayajafika shingoni mwa chupa. Akanyoosha mkono.

"Lete besa."

Nikampa. Nikainua chupa, nikaitazama.

"Mbona haijajaa? Zamani ulikuwa unajaza mpaka inamwagika!"

"Ile ilikuwa sadaka," akasema. "Sadaka ni ya Mungu, haibunguzwi. Hii ni biashara."

Nikavuta dumu tupu nikakaa, nikamlalamikia kwa Kiswahili chote ninachokijua, naye akanijibu kwa Kisomali, mpaka wateja wakatusogelea kutusikiliza. Jioni nikampigia dada yangu. Tangu ninyamaze alikuwa anangoja kusikia nimepanda basi.

"Dada, yule mama ananipunja maziwa."

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nimegombana naye. Kesho naenda tena."

"Basi kaa," akasema dada. Safari hii yeye ndiye aliyekata simu kwanza. Nikachemsha yale maziwa machache, nikarudisha begi chini ya kitanda.